Kesi Inapoahirishwa: Jinsi Bunge Linavyokagua Fedha za Polisi, Mahakama na Magereza

Kila siku ya kazi asubuhi, nje ya mahakama za mahakimu kote nchini, watu hukusanyika kutazama orodha ya kesi iliyobandikwa ukutani. Wapo waliopanda matatu alfajiri kutoka vijijini, wapo waliofunga vibanda vyao kwa siku nzima, na wapo waliobeba watoto mgongoni. Kabla ya adhuhuri, baadhi yao huwa wamekwisha kuambiwa kwamba kesi imeahirishwa. Shahidi hakufika. Faili ya polisi haikuletwa. Ripoti ya maabara haijatoka. Gari la magereza halikuwa na mafuta. Hakimu yuko likizoni na hakuna wa kushika nafasi yake.

Mwananchi anayerudi nyumbani mikono mitupu mara nyingi humlaumu hakimu. Hata hivyo, sababu ya kuahirishwa kwa kesi hiyo huenda iliandikwa miezi mingi kabla, katika vitabu vya makadirio ya bajeti vilivyopelekwa Bunge la Taifa. Makala haya yanaeleza jinsi fedha za mfumo wa haki ya jinai zinavyopangwa, jinsi wabunge wanavyozikagua, na mahali ambapo mkazi wa kaunti anaweza kutoa sauti yake ikasikika.

Mnyororo wenye pete tano

Chini ya Katiba ya 2010, polisi, mahakama na magereza ni majukumu ya serikali ya kitaifa. Kaunti haimlipi mshahara hakimu wala inspekta wa polisi. Fedha zao hutoka katika bajeti ya kitaifa, lakini hazitoki katika mfuko mmoja wala hazisimamiwi na mtu mmoja.

Pete ya kwanza ni Huduma ya Taifa ya Polisi, ambayo ndani yake kuna Idara ya Upelelezi wa Jinai. Tangu Septemba 2022, ilipoondolewa kifedha chini ya Afisi ya Rais, bajeti ya polisi imekuwa mikononi mwa Inspekta Jenerali. Pete ya pili ni Afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambayo huamua iwapo mtu atashtakiwa na hupeleka viongozi wa mashtaka mahakamani. Ya tatu ni Mahakama yenyewe. Ya nne ni Idara ya Magereza, inayowatunza wafungwa na mahabusu. Ya tano ni Idara ya Probesheni, inayowasimamia wanaotumikia vifungo vya nje na kuandaa ripoti ambazo hakimu huzisoma kabla ya kutoa hukumu. Idara hizi mbili za mwisho zimo katika Idara ya Serikali ya Huduma za Urekebishaji.

Kando ya pete hizi zipo asasi nyingine ambazo kesi hukwama zikikosa fedha: maabara ya Mkemia wa Serikali, Shirika la Kuwalinda Mashahidi, na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016 ili kuwasaidia wasioweza kumlipa wakili.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mahakama ikijengewa ukumbi mpya na kuongezewa mahakimu, lakini afisi ya mashtaka ibaki na kiongozi mmoja wa mashtaka anayekimbia kutoka ukumbi hadi ukumbi, kesi hazitaenda kasi. Polisi wakinunuliwa magari mapya ya doria bila wapelelezi kupata fedha za kusafiri kuchukua taarifa za mashahidi, watu wengi zaidi watakamatwa na wachache watafikishwa kwenye hukumu.

Milo 540

Ili kuona jinsi pete moja inavyovuta nyingine, chukua mfano wa kijana anayeshtakiwa kwa wizi wa simu. Anakana shtaka. Mahakama inampa dhamana ya Sh30,000, lakini familia haina kiasi hicho, hivyo anapelekwa rumande. Siku ya kusikilizwa inapofika, afisa aliyemkamata amehamishiwa kaunti nyingine na hakuna nauli ya kumleta. Kesi inaahirishwa kwa mwezi mmoja. Mwezi unaofuata mambo ni yale yale. Kesi ikiahirishwa hivyo mara sita, kijana huyo atakuwa amekaa rumande takriban siku 180.

Kwa milo mitatu kwa siku, magereza yatakuwa yamempikia milo 540. Atakuwa amelindwa usiku na mchana, ametibiwa alipougua, na amesafirishwa kwenda mahakamani na kurudi mara sita. Mlalamishi naye atakuwa ameacha kazi yake mara sita. Mwishowe, shahidi asipopatikana, kesi inaweza kuondolewa na kijana kuachiliwa. Mlalamishi hakupata simu yake, na mshtakiwa, awe na hatia au asiwe nayo, hatarudishiwa miezi yake sita.

Katika mfano huu, fedha zilizookolewa ni nauli ya afisa mmoja. Gharama haikutoweka, bali ilihama kutoka bajeti ya upelelezi hadi bajeti ya magereza, na nyingine ikaangukia mifuko ya familia mbili. Hili ndilo jambo ambalo ukaguzi wa Bunge unapaswa kuligundua, nalo halionekani kwa urahisi mtu anapotazama kitabu cha idara moja peke yake.

Katiba imelizingatia jambo hili. Kifungu cha 49 kinataka mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku inayofuata ya mahakama ikiwa muda huo unaishia nje ya saa za kazi. Kifungu hicho hicho kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya kesi yake kuanza na kumalizika bila kuchelewa kusiko na sababu. Haki hizi zote zinahitaji fedha: mafuta ya gari, mshahara wa karani, karatasi za kunakili ushahidi.

Safari ya bajeti bungeni

Wananchi wengi huifuatilia bajeti siku moja tu, pale Waziri wa Fedha anapoisoma bungeni mwezi Juni. Kufikia siku hiyo, mengi huwa yamekwisha kuamuliwa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1 na kukamilika Juni 30, lakini maandalizi huanza karibu mwaka mzima kabla.

Kufikia Agosti 30, Hazina ya Kitaifa hutoa mwongozo wa bajeti ya mwaka unaofuata. Wizara na asasi hukutana katika makundi ya sekta, na asasi nyingi za mnyororo huu hujadiliwa chini ya Sekta ya Utawala, Haki, Sheria na Utengamano.

Kufikia Februari 15, Hazina hupeleka bungeni Taarifa ya Sera ya Bajeti. Hati hii huweka kiwango cha juu cha fedha ambazo kila sekta inaweza kupewa. Bunge lina siku 14 kuijadili. Asasi ambayo haikutetewa hapa hupata taabu kuongezewa fedha baadaye.

Kufikia Aprili 30, makadirio kamili huwasilishwa katika Bunge la Taifa. Mahakama ina njia yake: chini ya Kifungu cha 173, Msajili Mkuu wa Mahakama huandaa makadirio na kuyapeleka mwenyewe bungeni, si kupitia wizara. Yakiidhinishwa, fedha huingia moja kwa moja katika Hazina ya Mahakama. Mpango huu ulikusudiwa kulinda uhuru wa majaji na mahakimu. Uhuru huo hauiondolei Mahakama wajibu wa kueleza ilivyotumia fedha za umma.

Mwezi Mei, kamati za Bunge hukaa na kuwaita wakuu wa asasi. Hapa ndipo kiini cha ukaguzi kilipo. Kamati ya Haki na Masuala ya Sheria huchunguza makadirio ya Mahakama na ya Afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Polisi, magereza na probesheni hufika mbele ya kamati inayohusika na utawala na usalama wa ndani. Kisha mapendekezo yote huunganishwa na Kamati ya Bajeti na Matumizi ya Fedha, ambayo hupeleka ripoti kwa Bunge zima. Kufikia Juni 30, Mswada wa Matumizi ya Fedha unapaswa kuwa umepitishwa.

Seneti haigawi fedha hizi. Kazi yake kuhusu fedha ni kulinda mgao wa kaunti na kusimamia matumizi yake. Kwa hivyo, mkazi anayetaka kuzungumzia bajeti ya mahakama au kituo cha polisi anapaswa kuelekeza maoni yake kwa Bunge la Taifa, akianza na mbunge wa eneo lake.

Wabunge wanaweza kuongeza au kupunguza, lakini wana mipaka. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 inasema kila nyongeza katika sehemu moja ya makadirio lazima ilipiwe na punguzo katika sehemu nyingine. Kamati ikitaka viongozi wa mashtaka zaidi, ni lazima iseme ni nini kitakachopunguzwa.

Maswali yanayostahili kuulizwa

Mjadala wa bajeti ya haki mara nyingi huhusu kiasi cha fedha. Mahakama, kwa mfano, imelalamika kwa miaka mingi kwamba mgao wake ni chini ya asilimia 1 ya bajeti ya kitaifa. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini kiasi pekee hakionyeshi ufanisi. Bajeti ya Kenya hupangwa kwa programu, maana yake ni kwamba kila fungu la fedha huambatana na malengo yanayopimika. Mbunge, mwandishi wa habari au mkazi anayesoma makadirio hayo anaweza kuuliza maswali ya aina hii.

Kwanza, fedha hizi zinanunua nini? Lengo la "kuimarisha upelelezi" halimwambii mtu chochote. Lengo la kupunguza muda kati ya mtu kukamatwa na faili kumfikia kiongozi wa mashtaka linaweza kupimwa mwaka ukiisha.

Pili, lengo la mwaka uliopita lilifikiwa? Asasi inayoomba nyongeza bila kueleza ilikotumia mgao wa awali inaomba iaminiwe tu.

Tatu, pete nyingine za mnyororo zimejiandaa? Mahakama mpya ikifunguliwa katika mji, je, afisi ya mashtaka imetenga nafasi ya kiongozi wa mashtaka huko? Magereza yana gari? Afisa wa probesheni yupo? Swali hili ni gumu zaidi kwa sababu majibu yake yako mbele ya kamati mbili tofauti.

Nne, ni kesi gani zinazokula fedha hizi? Ukaguzi wa mfumo wa haki ya jinai uliofanywa chini ya Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki na kuzinduliwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba takriban asilimia 70 ya kesi zilizopitia mfumo huo zilihusu makosa madogo madogo. Mauaji, dhuluma za kingono na uhalifu wa magenge zilikuwa sehemu ndogo zaidi. Muda wa hakimu unaotumika kwa mtu aliyekutwa akizurura ni muda ambao mama wa mtoto aliyenajisiwa anausubiri.

Tano, zipo njia nafuu zaidi? Sheria ya Amri za Huduma kwa Jamii ya mwaka 1998 inaruhusu mahakama kumwamuru mkosaji afanye kazi ya umma bila malipo badala ya kufungwa, pale adhabu isipozidi miaka mitatu. Sheria pia inaruhusu makubaliano ya kukiri kosa kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka. Njia hizi hupunguza gharama za magereza, lakini huhitaji maafisa wa probesheni na mawakili wa kutosha. Kuokoa fedha hapa huanza kwa kutumia fedha.

Bajeti ikishapitishwa

Kupitishwa kwa bajeti si mwisho. Fedha haziwezi kutolewa katika Hazina ya Pamoja bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti, ambaye kila baada ya miezi minne hupeleka bungeni ripoti ya utekelezaji. Ripoti hizo huonyesha tofauti kati ya fedha zilizoidhinishwa na zilizofika. Asasi inaweza kuwa na mgao mzuri kwenye karatasi, lakini fedha zikachelewa hadi robo ya mwisho ya mwaka, wakati madeni ya mafuta na chakula yamekwisha kulimbikizana.

Vilevile, katikati ya mwaka serikali inaweza kuleta bajeti ya nyongeza. Licha ya jina hilo, bajeti hii inaweza pia kupunguza. Makato yakija ghafla, mishahara hubaki, na yanayoumia kwanza ni mafuta, semina, ukarabati na safari za mashahidi.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la taifa limekabidhiwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Chini ya Kifungu cha 229, anapaswa kutoa ripoti katika muda wa miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, yaani kufikia Desemba 31. Ripoti hiyo haikomei kwenye risiti. Katiba inataka ieleze iwapo fedha zilitumika kwa njia halali na yenye ufanisi. Bunge hupewa miezi mitatu kuijadili na kuchukua hatua, na kamati ya hesabu za umma huwaita wakuu wa asasi kujibu hoja zilizoibuliwa.

Pengo kubwa huwa ni muda. Kamati inayogawa fedha za mwaka ujao mwezi Mei inapaswa kuwa na ripoti ya ukaguzi mezani. Ikiwa ripoti za miaka iliyopita bado hazijajadiliwa, asasi inaweza kupata mgao mpya kabla ya kujibu maswali ya zamani.

Kaunti iko wapi katika haya?

Ingawa hazigharimii polisi wala mahakama, serikali za kaunti zimo ndani ya mnyororo huu. Sheria za kaunti kuhusu leseni za biashara, usafi, masoko na uchuuzi hutekelezwa na askari wa kaunti, na anayekamatwa hupelekwa mbele ya hakimu yule yule anayesikiliza kesi za wizi na ubakaji. Kila kosa dogo linaloweza kumalizwa kwa onyo au faini ya papo hapo bila kwenda mahakamani huacha nafasi kwa kesi nzito.

Yapo mabaraza mawili ambapo mambo haya yanaweza kuzungumzwa mashinani. La kwanza ni Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, iliyowekwa na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011. Mwenyekiti wake ni gavana au waziri wa kaunti aliyemteua, na wanachama wake wanajumuisha wawakilishi wa wafanyabiashara, dini, wanawake, vijana na watu wenye mahitaji maalum. Kazi zake ni pamoja na kufuatilia mwenendo wa uhalifu na kupendekeza vipaumbele vya polisi katika kaunti.

La pili ni Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, ambayo hukutana chini ya uenyekiti wa jaji au hakimu msimamizi wa kituo. Polisi, viongozi wa mashtaka, magereza, probesheni, mawakili na wawakilishi wa jamii huketi meza moja. Hapa ndipo tatizo la gari la magereza au la shahidi asiyefika hujulikana mapema, kabla halijawa hoja ya bajeti.

Mkazi anaweza kufanya nini?

Kifungu cha 221 kinaitaka kamati ya Bunge inayojadili makadirio kutafuta maoni ya umma na kuyazingatia katika mapendekezo yake. Hisani ya mbunge haihitajiki hapa, kwa kuwa hili ni sharti la Katiba. Matangazo ya kukaribisha maoni hutolewa na Karani wa Bunge la Taifa kupitia magazeti na tovuti ya Bunge. Maoni yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili, ambacho ni mojawapo ya lugha rasmi za Bunge pamoja na Kiingereza na Lugha Ishara ya Kenya. Malalamiko makubwa zaidi yanaweza kuwasilishwa kama ombi rasmi chini ya Kifungu cha 119, ambacho kinampa kila mtu haki hiyo.

Anayetaka takwimu kabla ya kuandika anaweza kutumia Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Maombi huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza na hayalipiwi ada, ingawa asasi inaweza kudai gharama ya kunakili. Asasi ya umma inapaswa kujibu katika muda wa siku 21, au saa 48 ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu. Akinyimwa, anaweza kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Malalamiko kuhusu mwenendo wa maafisa wa polisi hupelekwa kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, na yale ya huduma mahakamani kwa afisi ya malalamiko ya Mahakama.

Maoni yenye nguvu mbele ya kamati ni yale yenye ushahidi. "Kesi zinachelewa" ni lalamiko ambalo wabunge wamelisikia mara nyingi. Barua inayosema kwamba katika mahakama fulani, kati ya Januari na Aprili, kesi kadhaa ziliahirishwa kwa kuwa hakukuwa na kiongozi wa mashtaka, humlazimu mkuu wa asasi kujibu.

Ushahidi huo hauhitaji mtaalamu. Kesi yako au ya jamaa yako ikiahirishwa, uliza sababu kabla ya kutoka mahakamani. Andika nambari ya kesi, tarehe, na sababu iliyotolewa. Chama cha kijamii, kanisa, msikiti au kundi la akina mama linaweza kukusanya kumbukumbu hizo kwa miezi michache na kuzifikisha kwa Kamati ya Watumiaji wa Mahakama, kisha kwa mbunge kabla ya Mei. Daftari la shilingi hamsini na kalamu vinatosha kuanzia.